Anwani ya Dar es Salaam

Recheli alikuwa ameipiga picha ile stoo mara kumi na nne, na katika kila picha feni ya Idrisa ilionekana kama kitu kilichosahauliwa na fundi. Kwa ya kumi na tano alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwambia Idrisa asimame kando ya seva, mkono juu ya kabati lake la chuma, na asicheke.

"Nisicheke kabisa?"

"Cheka kidogo, kaka. Kama mtu aliyeamka salama."

Picha hiyo ndiyo aliyoiweka kwenye ukurasa wa mwanzo, na chini yake akaandika: *Tovuti yako inakaa Tabora. Ukitaka kuiona inapolala, karibu.* Aliisoma mara mbili, akaridhika. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka maombi ya zabuni.

Wiki tatu nzima alikuwa akiichora tovuti hiyo ya Tembe Hosting, kampuni ya Idrisa ya kuhifadhi tovuti za watu. Idrisa alitoka katika ukoo wa maseremala wa mjini. Babu wa babu yake alichonga milango ya matembe, zile nyumba za udongo za paa bapa, ambamo watu wa misafara waliweka mizigo yao kabla ya kuendelea na safari ya Ujiji. Yeye alijifunza kompyuta, akafungua fremu ya fotokopi nyuma ya soko, na mwaka jana akaleta seva mbili za mtumba kwa treni kutoka Dar es Salaam, zimeviringishwa kwenye godoro, akaziweka kwenye stoo ya nyuma ya fremu. Biashara aliyoitaka ilikuwa rahisi kuieleza. Kila tovuti lazima ikae ndani ya mashine ya mtu, mashine isiyozimwa, ndiyo seva. Shule, parokia na vyama vya ushirika vya mkoa vilikuwa vimeweka tovuti zao kwa watu wa mbali wasiowajua hata kwa sura. Kwa nini zisikae hapa? Akafunga paneli za sola juu ya bati, akapanga betri ukutani, akakata leseni.

Kisha ikatangazwa zabuni ya kuhifadhi tovuti za vyama arobaini vya ushirika. Fomu ilidai anwani ya tovuti ya mwombaji. Mtu asiye na tovuti asingeweza kuomba kazi ya kutunza tovuti, na hilo, Recheli alikiri, lilikuwa la haki.

Walikwenda pamoja kwenye ofisi ya ushirika ya mkoa. Bi Mektilda, aliyepokea maombi ya zabuni, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo.

"Shikamoo mama," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Kaeni." Aliipokea bahasha, akafungua tovuti kwenye simu yake, akaitazama kwa muda mrefu. Recheli alimwona akikuza picha kwa vidole viwili.

"Hii ni stoo ya mtu," alisema.

"Ndiyo chumba chenyewe cha seva, mama," Idrisa alijibu. "Kina sola, kina betri. Mnaweza kuja kukikagua hata leo."

"Sina gari la kwenda kukagua. Kamati inakaa kesho, na kamati inaangalia hiki." Aliinua simu. "Wanangu, nawaambia kama mzazi. Wenzenu wanaleta tovuti zina maghorofa, zina Kiingereza, zina ofisi Dar es Salaam. Ninyi mnaandika Tabora, tena kwa Kiswahili! Nani atawaamini? Hamna hata ndugu Dar?"

"Nina shemeji Kariakoo," Idrisa alisema taratibu. "Anauza chaja."

"Basi. Hiyo ni ofisi. Rekebisheni, mrudi kabla ya saa tisa na nusu."

Walirudi kwenye fremu. Recheli ndiye aliyeanza.

"Kaka Idrisa, mimi sitaki."

"Unadhani mimi nataka?" Alikaa kwenye stuli ya wateja, akajifuta shingo. "Vyama arobaini, Recheli. Vikikaa humu mwaka mmoja bila kuzima, hakuna mtu atakayeuliza tena Tabora ni wapi. Tuingie kwanza. Ukweli tutaurudisha tukishakuwa ndani."

Alilisema kama mtu anayejishawishi mwenyewe, na Recheli alimhurumia. Yeye pia alikuwa na lake. Baba yake, mzee Hilari, alilima tumbaku Usoke, na chama chao kilikuwa miongoni mwa hivyo arobaini. Alikuwa amekwisha kumwambia kwamba bei za tumbaku atazisoma kwenye simu, na zitakuwa zimetoka kwa binti yake.

Saa sita umeme ukakatika. Seva ziliendelea kunguruma kwa sola, nyuzi joto zilezile, taa zilezile za kijani, na hakukuwa na wa kuona wala wa kusifu. Recheli alifanya kazi kwa chaji iliyobaki, kwa kuwa sola ilikuwa ya seva peke yake. Aliitoa picha ya stoo. Akatafuta ghorofa la vioo ambalo hakujua liko nchi gani, akaliweka. Rangi ya udongo aliyoihangaikia siku mbili aliibadilisha kuwa bluu, kwa sababu kampuni zote zina bluu. Juu akaandika mtaa wa Kariakoo na namba ya shemeji. Maneno aliyageuza Kiingereza, sentensi moja baada ya nyingine, na kila moja ilipogeuka alihisi kama anaandika habari za watu wengine. Namba yake mwenyewe tu aliiacha chini kabisa, kwa ajili ya wateja wenye matatizo.

Saa tisa na dakika tano walikuwa tena mbele ya Bi Mektilda. Safari hii alitabasamu. "Hapo sasa! Mmeona?" Akafungua bahasha, akaanza kulinganisha karatasi na skrini, na tabasamu likafifia.

"Leseni yenu inasema Tabora."

"Ndiyo, mama."

"Na tovuti inasema Dar es Salaam. Anwani mbili. Hii siwezi kuipitisha, mkaguzi atanikaanga."

Idrisa alisimama. "Lakini si wewe mwenyewe uliyetuambia!"

"Nilishauri, mwanangu. Sikuandika mimi." Aligonga muhuri mwekundu, bila hasira yoyote, kama anavyogonga kila siku. "Mwakani mjipange."

Saa kumi na moja jioni Recheli alikuwa bado fremuni, kompyuta imezimwa, simu yake ilipoita. Namba ngeni.

"Naitwa Advera, katibu wa chama cha ushirika huku Kigwa," sauti ya mwanamke ilisema. "Mwalimu mmoja kaniambia kuna watu Tabora wanahifadhi tovuti. Nafungua, naona Dar, naona ghorofa, Kizungu kitupu. Nimekosea?"

"Hujakosea, mama. Tuko Tabora, nyuma ya soko."

"Sasa Dar ya nini?"

Recheli alikosa uongo wa haraka. "Tuliambiwa tukiandika Tabora hatutaaminika."

"Na nani?"

"Ofisini."

Mama Advera aliguna. "Sisi tulipangiwa watu wa Dar. Tovuti imezima tangu Pasaka, simu hawapokei. Mimi nilitaka mtu ambaye nikikasirika napanda gari namfuata. Ninyi mmeanza na uongo hata kabla sijawajua." Akashusha pumzi. "Haya, asante binti."

"Mama, usikate! Kesho nakuja Kigwa. Mimi na mwenye mashine."

Nyuma ya sauti kuku walikuwa wakigombana.

"Mje asubuhi. Mchana niko kwenye mizani ya alizeti. Na siahidi kitu."

Idrisa alikuwa amesikia yote, kufuli mkononi. Alimtazama Recheli akiwasha kompyuta kwa chaji ya mwisho.

"Unarekebisha?"

"Hapana. Chaji haitoshi, na hii siwezi kuiacha ilale hewani na jina lako juu yake. Naizima."

Idrisa alifikiri, akaitikia kwa kichwa. Recheli akabonyeza. Akafungua ile anwani kwenye simu yake kuhakikisha, akakuta ukurasa mweupe usio na neno. Ndani ya stoo seva mbili ziliendelea kunguruma, nafasi ya vyama arobaini ikiwa tupu, na Tembe Hosting, kampuni ya kuhifadhi tovuti za watu, ikawa haina tovuti.