Pengo la Mfumaji

Kanali Crenshaw alipozikwa, watumwa wake walimlilia kweli, na wageni waliokuja mazishini wakasema jamani, alipendwa huyu. Wenyewe walijua wanalilia nini. Kanali aliacha watoto watatu, na bwana akifa Virginia akaacha watoto watatu, mali yake hukatwa vipande vitatu. Wao ndio waliokuwa mali.

Dicey alikuwa mfumaji wa shamba hilo. Kila koti lililovaliwa mashambani, kila blanketi la kule vibandani, lilipita mikononi mwake. Mumewe alikufa zamani. Aliyembakia ni Aggy, binti yake, msichana mrefu mwenye cheko, aliyemsaidia kusokota pamba. Na alikuwa na shoga yake, Phibby. Walijifungua msimu mmoja, Phibby mtoto wa kiume, Isham, yeye wa kike, ndiye Aggy. Dicey alipoangushwa na homa ya uzazi, ni Phibby aliyewanyonyesha wote wawili, huyu ziwa hili, huyu ziwa lile.

Sasa warithi walikuwa hawa: Bwana Peyton, aliyebaki kwenye nyumba kubwa, Bibi Lavinia, aliyeolewa wilaya ya jirani, na Bwana Lucius, kitinda mimba, aliyekwisha kununua ardhi ya pamba Mississippi na kuapa kwamba mwaka mpya ukiingia tu, yeye na fungu lake wako njiani. Aliyepelekwa Mississippi hakurudi, wala salamu zake hazikurudi.

Mahakama iliteua majirani watatu kugawa, mkubwa wao Bwana Ledbetter. Walikaa sebuleni, watu wakapitishwa mbele yao mmoja mmoja: fungua kinywa, kunja mkono, geuka. Mjomba Nace, mtumishi wa meza, aliwamiminia kahawa na kutega sikio. Asubuhi iliyofuata aliwakuta Dicey na Phibby kisimani.

"Dicey mwanangu, tua hiyo ndoo."

"Nimeshaizoea, Mjomba. Wewe sema tu."

"Wewe uko fungu la kwanza. Aggy la pili."

Ndoo ilitua yenyewe. "Lakini sisi tuko wawili tu!"

"Ndiyo hivyo. Mfumaji ni mtu wa thamani, na msichana mwenye afya naye ana thamani. Mkiwa pamoja fungu linalemea. Wanatupima kama tumbaku, hawa, fungu lisizidi fungu. Kesho kutwa vikaratasi vinatiwa kofiani, kila mrithi anavuta chake."

"Na Isham wangu?" Phibby aliuliza.

"Isham yuko la pili, na wewe uko la pili. Mshukuru Mungu."

Phibby akajifunika uso kwa aproni, maana alifurahi na akaona haya kufurahi mbele ya mwenzake.

Dicey alikuwa akiwaza jambo jingine. "Bibi Judy yule kipofu, wamemweka wapi?"

"Judy? Popote. Wamesema hana thamani, atupiwe fungu lolote."

Dicey aliiacha ndoo palepale. Alikwenda nyuma ya jiko kwenye gogo la kupasulia kuni, akashika shoka kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia akauweka juu ya gogo.

Phibby ndiye aliyefika wa kwanza aliposikia ukelele. Akachana aproni yake, akaja na tapentaini na masizi ya kuzuia damu, akaufunga mkono. Vidole viwili vilikuwa vimekwenda, na cha tatu kilining'inia.

"Shoka limeteleza," Dicey alisema.

"Shoka halitelezi hivyo. Mimi si mzungu, usinidanganye. Umefanya nini, wewe mwanamke?"

"Nimejipunguza uzito, dada. Kaza kitambaa."

Bwana Peyton alitukana mpaka mbwa wakaingia chini ya baraza. Dicey alipofikishwa tena sebuleni, alipiga magoti juu ya zulia bila kuambiwa.

"Bwana Ledbetter, mfumaji hayupo tena, mnaona wenyewe. Nimebaki mdomo wa kulishwa tu. Niwekeni na binti yangu, anilishe yeye."

Ledbetter alikuwa mzee wa kanisa, na damu ilikuwa ikipenya kwenye kitambaa. Akageuza uso. "Haya, haya. Fungu la pili. Ondoka, mama, usichafue zulia."

Dicey akashukuru, akashukuru tena. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia sauti ileile nyuma yake, shwari kabisa.

"Sasa la kwanza lina pengo la mfumaji. Fungu la pili lina nani wa kuliziba?"

"Lina vijana wa plau wawili watatu," mwenzake alijibu. "Yuko huyu Isham."

"Basi Isham la kwanza. Tofauti itakayobaki watafidiana kwa nyumbu."

Dicey alisimama na mkono wake mzima kwenye fremu ya mlango. Neno lilimfika kooni. Lakini angesema nini? Mrudisheni Isham? Nao wangeuliza, basi tuchukue nani badala yake, na katika fungu lile nani mwingine alikuwa na thamani? Aggy. Akalimeza neno, akatoka. Siku mbili zile Phibby alimletea supu na kumsuka nywele, maana mkono mmoja hausuki. Dicey akainamisha kichwa, akasukwa.

Siku ya kura watu wote walipangwa uani. Bibi Lavinia akavuta la pili. Peyton la tatu. Lucius akafungua chake, akacheka. "La kwanza!"

Majina yakasomwa. Lilipotajwa la Isham, Phibby alitoka kwenye mstari akiwa bado anatabasamu, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Samahani, Bwana. Isham yuko la pili, na mimi."

"Alikuwa," Ledbetter alisema, na wala hakusema kwa ukali. "Huyu wa mkono alipotolewa la kwanza, palikuwa na pengo. Lilibidi lizibwe."

Phibby akageuka taratibu. Akamtazama Dicey, kisha kitambaa alichokifunga mwenyewe, kisha Dicey tena. Hakulia. Aliyelia ni Aggy.

Mwaka mpya waliondoka, wanaume kwa miguu nyuma ya gari la nyumbu. Isham alimkumbatia mama yake mpaka msimamizi akampigia mluzi. Halafu akapita kwa Dicey. Alikuwa na mzaha tangu utotoni, na hata siku ile haukumtoka.

"Shangazi, vidole viwili tu vimenifikisha Mississippi. Ungekata mkono mzima ningefika Texas."

"Isham, mwanangu..."

"Basi, basi. Mwangalie mama."

Kwa Bibi Lavinia waliwekwa kibanda kimoja: Dicey, Aggy na Phibby. Kidonda kilikataa kupona, na Phibby aliendelea kukiosha kila asubuhi. Wiki zilipita hivyo. Siku moja, beseni likiwa magotini, akauliza: "Ulijua?"

"Nilisikia pale mlangoni. Nikanyamaza."

"Na ungejua kabla? Kabla ya shoka?"

Nje Aggy alikuwa akianika mashuka, upepo ukimpigapiga nayo usoni, naye akiyacheka. Dicey alitafuta uongo mzuri wa kumpa shoga yake, akaukosa.

"Ningekata," alisema.

Phibby akamaliza kufunga. Akakaza fundo, wala hakulikaza kupita kiasi. "Na mimi ningekata," akasema. Akainuka na beseni lake, na jioni hiyo akahamishia kitanda chake kwenye chumba cha kufulia. Tangu hapo hawakula tena chungu kimoja. Wakikutana njiani walisalimiana kama watu wa mashamba mawili.

Aggy aliolewa, akashika mimba, na uchungu ulipoanza mkunga hakuwa mwingine ila Phibby. Alikuja, akafanya kazi yake vizuri, akamtoa mtoto wa kiume mwenye sauti, akamwosha na kumfunga. Aggy, aliyekuwa hoi, akamshika kiganja.

"Mama Phibby, tulikuwa tunasema na mume wangu... tumpe jina la Isham."

"Hapana."

"Tulitaka umkumbuke tu."

"Nimkumbuke?" Phibby alimlaza mtoto kifuani mwa mama yake, akaishusha mikono ya gauni lake iliyokunjwa. "Isham yupo. Yuko Mississippi, analima. Jina lake analitumia mwenyewe."

Akampita Dicey pale mlangoni, akaenda zake kufua.