Bahasha ya Pili

Gari lilipoingia shimo la kwanza, Mwangalizi wetu wa makanisa alisema, "Asante Bwana." La pili, akasema vilevile. Tulipofika la ishirini alikuwa kimya, ameng'ang'ania mpini wa juu ya mlango. Mimi, karani wake wa miaka tisa, nilikaa nyuma nimekumbatia mkoba wenye barua mbili za uhamisho. Dereva tunamwita Breki, kwa sababu hazitumii.

Lazima nieleze barua zetu, maana kosa lote liko hapo. Ofisini kwetu barua ya uhamisho haiandikwi jina ndani. Inaanza "Mpendwa Mchungaji," basi, kwa kuwa Mwangalizi hubadili mawazo hadi dakika ya mwisho na hapendi karatasi ipotee. Jina hukaa juu ya bahasha, na bahasha naandika mimi. Barua ikifika, mzee wa kanisa huifungua na kuisoma mbele ya waumini palepale. Ikishasomwa, hairudi. Sheria hiyo aliitunga Mwangalizi mwenyewe, alipochoka na wachungaji waliomfuata hadi nyumbani kubembeleza vituo, na anajivunia kuliko joho lake.

Barua moja ilikuwa ya kwenda mlimani, ya mchungaji kijana, asiye na mke wala kikohozi. Nyingine ilikuwa ya kwenda kanisa la mjini, ya mchungaji mzee. Mke wake husafishwa damu hospitali ya mjini mara mbili kwa wiki, na husafiri njia hiihii, juu ya pikipiki.

Kwa mchungaji kijana tulifika saa nne. Mzee wa kanisa akachana bahasha, akakohoa, akasoma: "Kuanzia mwezi ujao utahudumu kanisa la mjini."

Vigelegele! Mchungaji kijana akaruka, akamkumbatia hata Breki. Hapo nikakumbuka nilichofanya. Jana yake, nikiikimbia mvua, nilizifunga bahasha zote mbili kwa gundi kabla ya kuandika majina. Ujinga wa namna hiyo sijui niuite nini. Mwangalizi alinitazama mara moja tu, kisha akatoa sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia.

Ndani ya gari nilishindwa kuvumilia. "Baba, ni mimi. Nilichanganya bahasha."

"Najua ni wewe."

"Basi turudi tuwaambie."

"Nikitengua leo, kesho watapanga foleni mlangoni kwangu. Imesomwa, binti."

"Na yule mama je? Mlimani hakuna hata zahanati!"

Mvua ikaanza, na kabla ya saa nane tukakwama kwenye matope.

"Dada, shuka usukume," Breki akasema. "Dhambi zako zimelemea gari."

Siku nyingine ningempa jibu lake. Nilishuka nikasukuma, lakini nakiri, nilisukuma kwa uvivu. Nilikuwa naomba gari lisitoke. Likatoka.

Tulifika saa kumi. Nje ya nyumba ya mchungaji mzee, chini ya upenu, kitanda kilikuwa kimeshafunguliwa, mbao zimefungwa kamba, sufuria ziko ndani ya gunia. Mwangalizi alikuwa amemdokezea habari za mjini wiki mbili kabla. Mama mchungaji alikaa juu ya godoro lililokunjwa, miguu imevimba. Akanishika mkono.

"Karibu, mwanangu. Jumanne sikwenda hospitali, mto ulijaa. Lakini sasa yamekwisha."

Sikuweza kumwangalia usoni.

Kanisani, mzee wa kanisa alifungua bahasha, akaisogeza karatasi karibu na pua, akaishusha. Mawingu yalikuwa mazito na dirisha ni moja.

"Macho yamenigomea," akasema. "Binti wa ofisi atusomee."

Karatasi ikaja mikononi mwangu. Neno "mlimani" nililiona wazi kabisa. Mwangalizi alikuwa ameinamisha kichwa. Nikasoma:

"Mpendwa Mchungaji. Kuanzia mwezi ujao utahudumu kanisa la mjini," nikameza mate, "ukisaidiana na mchungaji kijana."

Watu wakashangilia. Mama mchungaji alifunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika. Mume wake akanijia amenyoosha mikono miwili.

"Nipe barua yangu, mwanangu, niihifadhi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mwangalizi akasimama, akaiwahi mkononi mwangu kabla yake, akaisoma kimoyomoyo mstari kwa mstari. Akaikunja mara nne na kuitia mfukoni mwa koti.

"Ina makosa ya uchapaji," akasema. "Nitakuletea iliyo safi."

Tukaanza safari ya kurudi. Hadi tunavuka mto nilikuwa nimeshajifukuza kazi mara tatu, na nimeanza kufikiria nitamweleza nini mume wangu. Ndipo Mwangalizi akazungumza, bila kugeuka.

"Kesho saa moja kamili uwe ofisini. Barua uliyoisoma leo bado haijachapwa."