Kivuli cha Helikopta ya Kukodi

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi rubani aliiosha helikopta mwenyewe, kwa ndoo mbili za maji, sabuni ya unga kidogo na kitambaa ambacho zamani kilikuwa shati la mumewe. Kazi hiyo haikuwamo kwenye mkataba wake, lakini hakupenda kuona mkono wa mtu mwingine ukisugua kioo anachokitazamia. Alianzia puani, akashuka tumboni, akamalizia mkiani. Kufikia hapo jua lilikuwa limekolea na sakafu ya saruji imeanza kuchoma. Mbwa wa ofisi, ambaye saa hizo hutafuta pa kujibanza, aliipita helikopta bila kuitazama, akaenda kulala chini ya tangi la maji. Chini ya helikopta palikuwa na jua kama kwingine kote. Ilikuwa ya kukodi, na kitu cha kukodi hakina kivuli.

Hilo lilijulikana kama inavyojulikana kwamba chuma hushika kutu. Viti vya kukodi vya harusini navyo ni hivyo hivyo, na suti za mabwana harusi pia. Wageni hawakuambiwa kwa sababu hawakuuliza.

Biashara yenyewe ilikuwa ofisi ya chumba kimoja, kaunta, feni moja na uwanja wa kutua. Mwenye biashara alikuwa mama mmoja mchangamfu, mnene wa wastani, ambaye kila mtu alimwita Shangazi, kwa kuwa mpwa wake ndiye aliyekaa kaunta na kumwita hivyo kutwa. Fundi alikuwa shemeji yake. Rubani alikuwa rubani.

Waliwapeleka wageni wanne wanne kuona vilima, kisha maporomoko ya maji, kisha ziwa. Ziwa ndilo lililowaleta watu. Juu yake walikaa ndege weupe maelfu kwa maelfu, na helikopta ilishuka karibu kiasi cha mgeni kuona jicho la ndege likimtazama. Kelele walikwishaizoea, kama jirani anavyozoea mashine ya kusaga. Kinachomtisha ndege ni kivuli kupita juu yake, maana yeye kivuli anakijua kuwa ni mwewe. Helikopta ya Shangazi haikuwa nacho, basi ndege walitulia tuli wakiendelea na mambo yao.

Rubani naye hakuwa na kivuli. Aliajiriwa kwa mkataba wa miezi mitatu, ukaongezwa mitatu, na mingine mitatu, mpaka miaka kumi na moja ikatimia. Kivuli chake kiliondoka wiki ile aliyotia saini mara ya kwanza. Hakukililia. Alidhani kimeondoka kwa miezi mitatu tu.

Mwaka huu ndio alianza kukihitaji. Yeye na mumewe, fundi cherehani, walikuwa wamepata kiwanja kizuri chenye mteremko mdogo, na benki ilikuwa tayari kuwakopesha wajenge. Ila afisa wa benki huwatoa waombaji nje saa kumi alasiri na kuwapima vivuli kwa futi. Mume alipimwa, akasifiwa. Mke aliposimama, afisa alikunja futi yake taratibu.

"Mama, tunahitaji viwili," alisema kwa upole. "Ukikipata, njoo siku yoyote isipokuwa ya mawingu."

Wiki hiyo hiyo akaja mwenye helikopta. Walimwita Bwana Masharti, kwa sababu hata akikaribishwa maji alikuwa na sharti. Alisema mkataba wa kukodi unaisha mwisho wa mwezi, na safari hii angependa kuuza.

Shangazi aliwaita wote kwenye kaunta.

"Tukodi tena au tununue?" aliuliza. "Kila mtu aseme lake."

"Tukikodi, kikiharibika chochote nampigia yeye," fundi alisema. "Tukinunua, nitampigia nani? Nitakupigia wewe, shemeji."

"Lakini tunamlipa hata miezi ya mvua, imekaa tu hapo kama kuku anayeatamia," mpwa alisema. "Na hataki tuandike jina letu ubavuni."

Jina ubavuni ndilo lililomshinda Shangazi. Alipiga kaunta kwa kiganja.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema. "Nanunua."

Rubani alifurahi, maana aliona kumbe Shangazi akitaka jambo huamua palepale.

Kivuli kilikuja kesho yake asubuhi. Kilianza chini ya mapanga, chembamba kama doa la mafuta, kikatambaa hadi mkiani, na kufikia saa nne kilikuwa kivuli kamili. Mbwa akahama kutoka kwenye tangi. Mpwa aliandika jina ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi ya mwisho ikabanwa kidogo na mlango. Rubani aliweka kigoda kivulini, akanywa chai yake pale, akajisikia kama mtu aliyerudi kwao.

Shangazi alipopita na bahasha zake, rubani alimwita.

"Shangazi, helikopta umeichukua kabisa kwa siku moja. Mimi je, lini?"

Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno.

"Jamani! Wewe nawe unataka kununuliwa? Wewe si wa nyumbani?"

"Wa nyumbani asiye na kivuli?"

"Ngoja mambo yatulie, mwanangu. Tutaongea."

Fundi, aliyekuwa amelala chali chini ya mtambo, alisema kwa sauti ya chini kwamba kivuli cha mti wa mvumo hufunika walio mbali. Shangazi alimwambia afunge mdomo na akaze skrubu.

Mambo hayakutulia. Safari ya kwanza, kivuli cha helikopta kilitangulia juu ya maji, na ziwa zima likainuka. Ndege waliruka kama shuka iliyokung'utwa, wakatua upande wa pili. Rubani alipowafuata huko, wakarudi walikotoka. Wageni waliona maji. Mmoja wao, mtu mwenye adabu, alisema maji ni mazuri.

Walijaribu kuruka saa sita kamili, kivuli kikawa kidogo lakini bado mwewe. Walijaribu siku za mawingu, ndege wakatulia, ila mawingu hayapokei oda. Fundi alipaka tumbo la helikopta rangi nyeupe, na kivuli kikabaki cheusi vilevile. Wiki ya tatu mpwa alikaa kaunta kutwa akipulizwa na feni peke yake.

Shangazi hakuwa mtu wa kung'ang'ania. Alimpigia Bwana Masharti, akamrudishia helikopta yake, kisha akaikodi kwake papo hapo, kwa masharti yaleyale na moja la nyongeza: jina lifutwe. Walisimama wote kulitazama tukio. Kivuli kilianza kuyeyuka mkiani, kikarudi nyuma mpaka kwenye magurudumu, kikaisha. Mbwa aliamka, akanusa sakafu, akaondoka. Kesho yake wageni wanne walirudi kutoka ziwani wakizungumza wote kwa pamoja, na mmoja alikuwa na unyoya mweupe nyweleni.

Mwisho wa mwezi mkataba wa rubani ulikwisha, wa arobaini na nne. Shangazi alimwekea mpya mezani, pamoja na kipande cha keki.

"Shangazi, uliniambia tutaongea," rubani alisema.

"Tunaongea, mwanangu. Si umejionea kivuli kilivyotutenda? Nikikuajiri moja kwa moja, ndege si watakimbia tena?"

"Mimi nakaa ndani ya helikopta."

"Najua. Lakini kwa nini tuibipu shida?"

Alisema hivyo kwa mapenzi kabisa, akamsogezea keki. Rubani aliutazama mkataba, akatazama nje. Wageni walikuwa wameshapanga foleni, na upepo ulikuwa mzuri. Alitia saini, akala keki, ambayo ilikuwa tamu, akaenda kuwasha mtambo. Jioni alimweleza mumewe. Mume aliendelea kukanyaga cherehani kidogo, kisha akasema kile kiwanja kimeshapata mtu mwingine, lakini bwana huyo ameleta mapazia kumi na mawili ya kushona. Walicheka, maana kulikuwa na la kucheka.

Msimu ule ulikuwa mzuri kupita yote. Shangazi akataka picha ya ofisini, akamwita mpiga picha saa kumi, jua lilipoinama. Wote wanne walisimama mbele ya helikopta. Fundi alikanyaga pindo la gauni la Shangazi, na picha ikapigwa wakati huohuo, wote wameachama kwa kicheko. Kwenye saruji mbele yao vimelala vivuli vitatu, virefu, vilivyoshikana mabega.

Shangazi aliiwekea fremu ya dhahabu na kuitundika juu ya kaunta. Mpwa aliandika chini yake kwa mwandiko wake mzuri: Familia Yetu. Wageni wanaosubiri zamu huitazama sana. Wengi husema aliyetoka vizuri kuliko wote ni rubani.