Nani Kapiga Kengele?

Karatasi ambayo Meneja alitaka dada yangu aisaini ilikuwa na mistari minne tu, na mpaka leo iko kichwani mwangu neno kwa neno. "Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba niliungua mkono wa kushoto kwa uzembe wangu mwenyewe. Mashine ilikuwa nzima. Sina madai yoyote. Naomba radhi kwa usumbufu." Usumbufu! Ngozi ya kiganja imebaki kwenye foronya, halafu anayeomba radhi ni mwenye kiganja.

Tulifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia, wanawake kumi na mmoja. Mashuka ya hospitali yaliingia kwa mlango wa nyuma na damu zake, ya hoteli kwa mlango wa mbele na manukato yake, yote yakakutana kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyechambua. Waliniita Redio, maana sizimiki, na habari ya mwaka juzi nakusomea kama ya leo asubuhi. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nimejifunza kwa barua na magazeti yaliyosahauliwa kwenye mifuko ya suruali za watu. Ndiyo sababu matajiri nawajua vizuri: nimewasoma mifuko.

Dada yangu mkubwa alikaa miaka ishirini na sita kwenye pasi kubwa ya mvuke. Tuliiita Mamba, kwa vile ilivyofungua kinywa na kupumua. Mamba alikuwa na vitufe viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto, vimeachana kama masikio. Aliyemtengeneza alikuwa na akili, labda alikuwa na mama pia: taya la juu lilikuwa halishuki mpaka ubonyeze vyote viwili kwa pamoja. Mkono unaobonyeza hauwezi kuwa mdomoni.

Lakini hivyo kazi huenda polepole. Miezi saba kabla dada hajaungua, siku ya Jumanne, baada ya chai, Meneja alimwita fundi akamwambia akifunge kitufe cha kushoto kwa waya, kibaki kimebonyea siku zote. Siku naikumbuka, na shati alilovaa nalikumbuka. Basi dada akawa anabonyeza kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukabaki huru kunyoosha nguo. Sisi kila tunapopewa uhuru, huwa ni uhuru wa namna hiyo.

Sasa mambo yalikuwa hivi. Akisaini, atahamishiwa meza ya kukunja, kazi ya kukaa. Asiposaini, "tutaona," alisema Meneja, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya tutaona. Na Jumatatu Mamba angekabidhiwa Mama Mashuka, mkunjaji wetu wa siku nyingi, mwanamke mwenye wajukuu tisa na ulimi usiozeeka. Waya ungebaki palepale. Ukishakiri kwamba kosa ni la mkono, nani atahangaika na mashine?

Ijumaa jioni nilikuwa namsuka dada nywele, maana kwa mkono mmoja hawezi. Chumba chetu kilinuka dawa ya kidonda.

"Nitasaini," akasema.

"Usaini nini? Kwamba ulizubaa?"

"Nilizubaa. Nilikuwa naangalia foronya inayofuata."

"Si uliambiwa uangalie inayofuata!"

"Redio, punguza sauti. Na usinivute nywele kwa hasira za watu wengine."

Kisha akatabasamu, jambo lililoniudhi zaidi. "Kesho wanatuonyesha ile sinema yangu, unajua?"

Nilijua. Meneja alikuwa kauliza kwa watu dada anapenda nini, akaambiwa.

Hiyo sinema ilitulea. Mama yetu alifua sare za wafanyakazi wa jumba la sinema, na wao wakawa wanatuachia sisi wanawe tukae sakafuni, mbele kabisa, shingo juu. Mimi niliiona mara tatu, shingo ikakataa. Dada aliiona mara kumi na tisa. Ni habari ya msichana dobi katika nyumba ya tajiri. Siku moja anaunguza kitambaa cha meza, kitambaa cha thamani, na mkono wake mwenyewe unaungua. Bibi wa nyumba anaingia. Binti anaficha mkono mgongoni, anapiga magoti, anasema: "Nisamehe, bibi, ni uzembe wangu." Zeze zinalia. Kijana wa nyumba anamwona akilia, moyo wake unayeyuka, mwisho harusi. Dada aliyajua maneno yale kuliko alivyozijua sala. Akivunja kikombe, "Nisamehe, bibi." Akikanyagwa sokoni, "Ni uzembe wangu." Watu walidhani ni adabu. Ilikuwa sinema.

Jumamosi mchana, zamu ilipokwisha, tukaingia kantini. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, ukutani ikatundikwa shuka ya hoteli, ile ya vitanda vipana. Karani wa ofisini alikuwa na projekta yake. Kila mtu akapewa soda baridi.

"Soda," nikamnong'oneza Mama Mashuka. "Leo tunachinjwa."

"Kunywa kwanza, mwanangu. Kisu kikija kikukute umekata kiu."

Meneja akasimama mbele ya shuka, tumbo lake likaifunika nusu. "Akina mama," akasema, "hii ni sinema yenye mafunzo. Tazameni yule binti alivyokubali kosa, na alivyoinuliwa. Subira huvuta heri."

"Huvuta, bosi," Mama Mashuka akajibu, "lakini tangu nianze kuivuta, kamba tu ndiyo inakuja."

Tukacheka, Meneja naye akacheka kidogo, akaketi. Akaiweka ile karatasi juu ya paja, na kalamu juu yake. Fundi alikaa karibu na mlango peke yake.

Sinema ikaanza. Mwanzo tulinyamaza kwa heshima ya dada. Binti akatokea uani, beseni mbele yake, akafua shati moja, akaimba, kisha akaliinua beseni na kuyamwaga maji yote kwenye maua.

"Yallah!" Mama Mashuka akapiga kelele kama kaibiwa. "Anamwaga! Povu lote lile!"

"Shati moja!" mwingine akasema. "Na soksi? Na matambara? Na sakafu ataisugua kwa nini, kwa mate?"

"Mtazame anavyolikamua. Utadhani anamkaba kuku."

"Na kucha hizo! Shoga, wewe una kucha kama hizo?"

"Nilikuwa nazo, zikaenda na magadi."

Kantini nzima ikavunjika mbavu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyeitunga sinema ile hakuwahi hata kukaa ukingoni mwa kitanda chetu. Nikamgeukia dada nikidhani ameumia, maana tunamchafulia kitu chake. Hakuwa ameumia. Alikuwa amesogea mbele kwenye benchi, mkono wenye bandeji juu ya goti, anaitazama shuka kama mtu anayemtazama jirani yake wa miaka mingi na kugundua leo kwamba ana jicho moja la kioo.

"Mara kumi na tisa," akaniambia chini kwa chini. "Mara kumi na tisa sikuyaona yale maji. Nilikuwa naangalia ngazi. Unakumbuka ngazi zao zilivyong'aa?"

"Nyamazeni basi," Meneja akasema, "inakuja sehemu yenyewe."

Ikaja. Binti anapiga pasi kitambaa cha meza, pasi ya mkaa, moshi kidogo. Kicheko kikakatika chenyewe. Hapo hapakuwa na mtu wa kucheka, kila mmoja wetu ana alama yake mahali. Binti anatoka, anarudi, kitambaa kinaungua, anaikamata pasi kwa kiganja, anapiga ukelele. Bibi huyo mlangoni. Magoti. Zeze.

"Nisamehe, bibi," binti akasema ukutani, "ni uzembe wangu."

Meneja akamwangalia dada, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu.

"Karani," dada akasema, "rudisha nyuma."

"Nirudishe wapi, dada?"

"Kabla hajatoka. Pale anapopiga pasi."

Karani akamtazama Meneja. Meneja akafikiri ni mapenzi ya sinema tu, akaruhusu kwa mkono. Picha ikarudi. Binti anapiga pasi. Anatoka. Anarudi.

"Tena," dada akasema. "Na uongeze sauti."

Akaongeza. Binti anapiga pasi, nyuma yake zeze zinaanza polepole, na chini ya zeze kuna kitu kingine. Tukakisikia sote. Kengele. Ngri ngri, kutoka ghorofani. Binti anainua uso. Kengele tena, kwa haraka, na sauti ya bibi: "Maji ya kunywa!" Binti anaiacha pasi juu ya kitambaa, anakimbia. Hapo zeze zinapanda na kufunika kila kitu, na picha inakuonyesha macho yake mazuri, wewe unasahau.

"Simamisha," dada akasema. Akasimama yeye pia. Sauti yake haikuwa kubwa. Mimi ndiye mwenye sauti kubwa katika ukoo wetu. "Jamani, nani kapiga kengele?"

Chupa za soda zikashushwa vinywani.

"Nauliza. Kitambaa kimeungua kwa sababu pasi imeachwa. Pasi imeachwa kwa sababu kengele imelia. Kengele nani kaipiga?"

"Bibi," Mama Mashuka akasema.

"Bibi. Halafu aliyepiga magoti ni nani?"

"Mama, hiyo ni sinema tu," Meneja akasema. "Kitu cha kujifurahisha."

"Si umesema ina mafunzo, bosi? Basi mimi nimejifunza." Akamgeukia. "Na waya nani kaufunga?"

Fundi aliinama, akaanza kuchunguza viatu vyake kama ndiyo kwanza kavinunua. Meneja alisimama ghafla na kalamu ikaanguka. "Zima hiyo mashine," akamwambia Karani. "Sinema imekwisha. Wewe, twende ofisini ukamalizane na karatasi yako."

"Ilete hapa hapa. Mdogo wangu anajua kuandika."

Huko ofisini mtu huwa mmoja na meza huwa kubwa. Nimesikia wanawake wangapi wakisimulia kwamba waliingia na maneno kumi, wakatoka na saini. Meneja naye alilijua hilo, ndiyo maana alisitasita. Lakini tulikuwa kumi na mmoja, na hakuna aliyekuwa ameinuka kwenda nyumbani. Sikungoja anipe. Niliichukua karatasi iliyobaki kwenye benchi lake, nikaigeuza upande mweupe, nikaokota na kalamu.

"Sema, Dada."

Kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshaandika mstari mzima wa kwangu, kuhusu wanyonyaji, jasho, na siku ya hukumu. Miaka yote niliuweka tayari mstari ule. Dada akachungulia.

"Futa."

"Dada, hapa ndipo penye uzito!"

"Futa, Redio. Andika waya."

Nikafuta. Aliyosema ni haya, nami sikuongeza hata nukta: "Mkono wangu uliungua kwa sababu kitufe cha kushoto kilifungwa waya. Aliyeamuru ni Meneja. Aliyefunga ni fundi. Ilikuwa Jumanne baada ya chai. Mashine si nzima mpaka waya utoke. Radhi siombi."

Akasaini kwa mkono wake mzima. Nikasaini mimi. Mama Mashuka akaweka dole gumba, akalikandamiza kama anabandika stempu ya kwenda mbali. Mwishoni tulikuwa tisa. Wawili hawakusaini, na nawajua, lakini mmoja alikuwa na mume mgonjwa, kwa hiyo nimemsamehe nusu.

"Mnajua mnachofanya?" Meneja akauliza. Hasira ilikuwa imemtoka, sasa alikuwa anatuhesabu. "Jumatatu nitaleta watu wengine."

"Walete," dada akasema. "Tutawaonyesha waya."

Jumatatu tuliingia saa moja kama kawaida. Watu wengine hawakuwepo. Mashuka ya hospitali hayasubiri mpaka upate watu wengine. Mama Mashuka alisimama mbele ya Mamba, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Mbona huanzi?" Meneja akauliza.

"Naanza vipi, bosi? Hiki kitufe kimefungwa. Mimi mzee, nafuata mashine ilivyotengenezwa."

Mashuka yakarundikana. Mimi ndiye niliyechambua, na siku hiyo nilichambua kwa bidii ambayo hawajapata kuniona nayo, rundo likapita kiuno, likapita kifua. Saa tatu hospitali walipiga simu. Saa nne wakapiga tena, na tukamsikia Meneja akijibu "ndiyo daktari, ndiyo daktari" mpaka sauti ikamkauka. Dada alikuwa amekaa kwenye meza ya kukunja, ambako hakuna aliyempeleka. Alijipeleka mwenyewe, hakuna aliyethubutu kumwondoa. Mbele yake hapakuwa na kitu cha kukunja.

Karibu saa tano fundi alikuja na koleo. Hakumtazama mtu. Akakata waya, akauweka mfukoni, akapita kwa dada akasema kitu ambacho sikukisikia, na dada akaitikia kwa kichwa tu. Sijui kama alimsamehe. Mimi sijamsamehe.

Mama Mashuka akatandaza shuka ya kwanza, akainyoosha pembe zote nne, akarudi nyuma hatua moja, akatanua mikono na kubonyeza vitufe vyote viwili. Mamba akashuka polepole, akapumua, akafungua kinywa. Shuka ya pili. Akainyoosha, akarudi nyuma, akabonyeza. Meneja alikuwa amesimama na saa yake mkononi, anatazama rundo, anatazama saa.

"Kwa mwendo huu," akasema, "leo hatumalizi."

Dada akaipokea shuka ya kwanza, bado ina joto, akaanza kuikunja kwa mkono mmoja na kidevu.

"Basi tusimalize," akasema.