Urefu wa Kitanda

Mwaka 1956, katika hospitali moja ya misheni kwenye vilima vya Iringa, wazee watatu walianguka wodi ya wanaume ndani ya wiki mbili. Mmoja alivunjika nyonga akafa. Wote walianguka zamu ya dresa Fanueli, mfunga vidonda na mgawa dawa, Mnyakyusa aliyehamia pale kutoka Mbeya. Jikoni, wanawake waliokuja kuuguza ndugu zao wakaanza kunong'onezana kwamba mtu yule ana mkono mbaya.

Rozalia aliyasikia hayo akimpikia uji baba yake, mzee Kalinga, aliyepasuliwa ngiri. Tangu hapo kila dawa aliyoileta Fanueli aliinusa kwanza. Fanueli alimwona, akaendelea kugawa dawa.

Alhamisi mchana Rozalia alirudi kutoka bombani akamkuta Fanueli amepiga magoti kando ya kitanda, kamba mkononi, na mzee amelala fofofo. Rozalia aliwahi kumwona fundi wa majeneza akimpima kaka yake vile vile.

"Unampima baba yangu angali hai?"

"Napima kitanda, dada. Kwenu analalia kitanda kinachofika wapi?"

"Ya kwetu yanakuhusu nini?"

"Kinafika gotini?"

"Chini ya goti," alisema Rozalia kwa shingo upande.

"Hiki kinafika kiunoni. Mzee anaamka, anataka haja ndogo, anaona haya kumwita sista. Anashusha mguu, na sakafu haipo pale anapoitegemea."

Rozalia hakumwamini. Mwongo naye huwa na maelezo mazuri.

Kesho yake alijibanza nyuma ya mlango, macho yakiwa kwa Fanueli, aliyekuwa akifunga kidonda upande wa pili wa wodi. Ghafla akamwona baba yake akiteremka kimya kimya, vidole vya mguu vikitafuta sakafu hewani. Alimkimbilia akamdaka kwapani. Hakuna aliyekuwa amemgusa.

"Mbona hukuita, baba?"

"Wewe ni mwanangu. Nikuiteje kwa jambo kama hilo?"

Fanueli alikwisha kumwomba daktari ruhusa ya kufupisha miguu ya vitanda, akakataliwa. Jumamosi, daktari alipokwenda Mbeya, Fanueli alikuja na msumeno wa kukatia chuma. Hakumwomba Rozalia msaada. Rozalia mwenyewe alichuchumaa, akaushika mguu wa kitanda usitikisike. Walikata vitanda vinne.

Daktari aliporudi alifoka, na Jumatano Fanueli akapandishwa lori la kurudi Mbeya. Vile vitanda vinne vilibaki vifupi. Kwa siku zote ambazo Rozalia aliendelea kukaa pale, hakuna mzee aliyeanguka kutoka kwenye kimojawapo.

"Mnaona?" alisema Esta, aliyekuwa akimuuguza mumewe, huku akichochea moto jikoni. "Ameondoka, na watu wameacha kuanguka."

"Wameacha kwa sababu ya vitanda," alisema Rozalia. "Hata mimi nilimshikia kitanda alipokuwa akikata."

Esta aliacha kuchochea. Wanawake wengine wakamgeukia Rozalia.

"Na wewe," Esta aliuliza polepole, "alikupa nini?"

Rozalia aliepua sufuria ya uji, akampelekea baba yake.