Hewa ya Kubeba Mkononi

Kulikuwa na wakati ambapo kila mwenye bunduki ya upepo mjini alikuwa na haja na Pumzi. Bunduki za aina ile hazitumii baruti. Hula hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu ndani ya mtungi mwembamba chini ya mtutu, na hewa ya namna hiyo haijazwi kwa pampu ya baiskeli. Inataka kompresa, na kompresa alikuwa nayo Pumzi peke yake, imekaa katika banda la gari lisilo na gari, kubwa kama jokofu lililolazwa ubavu.

Ilikuwa mashine ya kazini kwake. Pumzi alikuwa mtu wa zimamoto, na kazi yake ilikuwa kuwajazia wenzake mitungi ya kupumulia kabla hawajaingia kwenye moshi. Jina alilipata huko. Alipostaafu, idara ilileta mashine mpya na ile kuukuu ikapigwa mnada, naye akainunua. Mkewe aliitazama ikishushwa na watu sita wanaohema, akasema, "Wenzako wakizeeka huoa mke wa pili. Wewe umeniletea mke wa chuma." Kisha akaenda kuwachemshia chai wale watu sita.

Tangu hapo Jumamosi zikawa na watu. Walenga shabaha walikuja na bunduki zao ndani ya mikoba mirefu, wakapanga foleni, wakabishana nani anabana pumzi vizuri kabla ya kufyatua na nani anajisifu tu. Ukijaziwa huondoki. Unakaa, unakunywa chai, unamsema aliyetangulia kuondoka. Mkewe Pumzi alijua nani anataka sukari na nani daktari amemkataza. Mungu hakuwa amewajalia mtoto, lakini siku hiyo nyumba ilijaa viatu mlangoni kama nyumba ya harusi.

Mkewe alipofariki, watu waliendelea kuja, tena walizidi. Kilichowaondoa hakikuwa msiba. Zilifika madukani kompresa ndogo, za kubeba mkononi, unazichomeka kwenye betri ya gari ukajijazia uani kwako. Akanunua mmoja, akanunua wa pili. Hakuna aliyegombana na Pumzi, hakuna aliyemuaga. Haja ilikuwa imekwisha, basi. Wakikutana naye njiani walimwambia, "Tutakuja kukuona, Pumzi," naye akajibu, "Karibuni," na kila mmoja akashika njia yake.

Akabaki mteja mmoja, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi kwenye ghala la nafaka.

Kazi yake ilikuwa kuwinda humo ndani. Watu wakisikia hucheka, lakini si kazi ya mchezo. Njiwa huingia kwa matundu ya paa wakachafua magunia, na panya wa ghalani hali kwa kuonja, hula kwa kushiba. Sumu haiwekwi karibu na chakula cha watu, na baruti penye vumbi la unga ni kuuita moto kwa jina. Kwa hiyo kampuni ilimpa bunduki ya upepo, naye akawa na shabaha ya kutisha. Kila Jumamosi alileta bunduki pamoja na mtungi mdogo wa akiba. Pumzi akajaza polepole ili mtungi usipate joto, na mwanamke akakaa juu ya kreti akamsimulia habari za wiki.

"Juzi kuna panya nimemkosa mara mbili," alimwambia siku moja. "Hakukimbia. Akakaa ananitazama kama mkaguzi kutoka makao makuu."

"Labda alikuwa anaandika ripoti."

"Akaiandike kwao. Ya tatu sikumkosa."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya Pumzi ya wiki nzima. Siku nyingine aliongea na muuza mkate, na muuza mkate alikuwa mtu wa maneno machache.

Basi Jumamosi moja mwanamke yule alifika, akakaa kwenye kreti, na habari za panya hakuzianza.

"Mzee wangu, nina jambo."

"Sema, mwanangu."

"Wanataka kunipandisha. Kampuni ina maghala mengine mbali huko, nami nitakuwa mkubwa wa kazi hii kote. Nitahamia kulekule."

"Hongera. Umestahili."

"Asante. Sasa shida ni hewa. Huko hakuna wa kunijazia. Wamesema nichague kompresa ya kubeba, wao watanunua. Na mimi mashine sizijui." Akamtazama. "Nataka unichagulie wewe."

Pumzi alikuwa ameshika paipu ya kujazia. Akaikung'uta, ingawa haikuwa na vumbi. "Nitakuchagulia," alisema. "Kama si mimi ni nani?"

Siku ya kwenda dukani alipiga pasi shati ambalo hakulivaa tangu arobaini ya mkewe. Lilikuwa duka la vifaa vya ufundi, refu na jembamba, lenye harufu ya mpira mpya. Kompresa zenyewe zilikuwa nyuma kabisa, tatu, juu ya rafu. Muuzaji, mwanamume mnene aliyependa kusikia sauti yake, akawahi kushika moja nyekundu.

"Hii ndiyo inayotoka, mzee. Nyepesi, bei ya kutupa. Hata aliyelala anaweza kuitumia."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pumzi aliizungusha ile nyekundu mara moja tu. "Inajizima yenyewe?"

"Wewe unaangalia geji. Ikifika unapotaka, unazima."

"Na nikipiga chafya?"

Mwanamke wa ghala akacheka. Pumzi akauliza maji yanatokea wapi, kwa kuwa hewa ikishindiliwa hutoa jasho, na jasho hilo likiingia kwenye bunduki hula chuma na mipira ya ndani polepole kama mchwa. Muuzaji akaitafuta sehemu ya kutolea maji, hakuiona, akairudisha ile nyekundu rafuni bila ugomvi. Ya pili ilipozwa kwa ndoo ya maji na pampu yake. Ilikuwa imara, lakini mtu anayezunguka maghala ya watu atakwenda anabeba ndoo mpaka lini?

Ya tatu ilikuwa ya kijivu. Haikuwa na urembo. Ilichomekwa kwenye umeme wa ukutani au kwenye betri, ukipenda. Ilikuwa na chujio la kukausha hewa, koki ndogo ya kumwagia maji, na kitufe cha kupangia presha unayoitaka. Pumzi akaomba iwashwe. Akaweka kiganja juu ya mapezi ya kupoza, akafumba macho kama alivyokuwa akifanya kazini, akasikiliza. Mlio ulikuwa sawa, hauna kukwama, hauna kikohozi. Geji ilipanda bila haraka, ikafika pale walipoipanga, mashine ikajizima.

Alitafuta kasoro. Alijikuta anaitafuta kwa hamu, anabonyeza maungio, ananusa kama kuna mpira unaoungua. Hakuiona. Alipofumbua macho, mwanamke alikuwa anamtazama usoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari aliyeshika majibu.

"Hapana," Pumzi alisema. "Hata hii haifai."

"Haifai kabisa?"

"Itakuharibia bunduki. Wewe endelea kuja kwangu, hata kwa mwezi mara moja. Nitakujazia mtungi mkubwa utakaokutosha."

"Lakini mzee," muuzaji akaanza, "hii ya kijivu mbona…"

Pumzi alikuwa ameshafika mlangoni.

Walirudi kwa miguu. Mwanamke alimnunulia soda, wakasimama kivulini wanakunywa. "Ningekuja peke yangu ningeibiwa mchana kweupe," alisema. "Mungu akuweke." Pumzi akaigeuza chupa ya soda mkononi. Kisha mwanamke akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubali, "Mwezi mara moja sitaweza, ni mbali mno. Nitamwambia msimamizi nafasi ile wampe mwenzangu. Si neno. Nilikuwa nimeshaanza kuota tu."

Hilo Pumzi hakuwa amelifikiria. Alifikiria kreti, na chai, na mlango wa banda. Wakaagana.

Nyumbani alivua lile shati akalitundika, akakaa bandani kando ya mashine yake. Jua lilikuwa bado linaingia mlangoni. Akajaribu kujitetea. Mashine ndogo huharibika, alijiambia. Za kichina, za nani, nani ajuaye. Lakini kiganja chake kilikuwa bado kinakumbuka ule mtetemo mzuri. Aliwakumbuka wenzake wa zimamoto, walivyovaa mitungi mgongoni bila kuikagua, kwa kuwa ameijaza yeye. Walimwamini wakaingia kwenye moshi, na wote walitoka. Katika maisha yake Pumzi aliwahi kudanganya kuhusu umri, kuhusu alikokuwa, kuhusu chumvi ya mboga ya mkewe. Kuhusu hewa hakuwahi kumdanganya mtu, mpaka leo.

Akachukua simu.

"Mwanangu, ile ya kijivu."

"Imefanya nini?"

"Ni nzima. Ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Kanunue hiyo."

"Si umesema itaniharibia bunduki?"

"Nilikudanganya."

"Kwa nini, mzee?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Pumzi alikuwa amefika mwisho wake. "Nilitaka uendelee kuja," alisema.

Pumzi alisikia sufuria ikifunikwa huko aliko. "Ungeniambia tu," mwanamke alisema hatimaye.

"Ningekuambia nini? Usipande cheo, kuna mzee atakosa wa kuongea naye?"

"Nimeshamwambia msimamizi."

"Mwambie tena. Mwambie mzee aliyekusaidia ni mwongo."

"Hilo siwezi kulisema."

"Basi sema alisahau miwani."

Hakucheka. Alisema tu, "Sawa, mzee," akakata.

Mashine alikwenda kuinunua peke yake. Pumzi alijua hivyo Jumamosi alipomwona anaingia nayo, imo ndani ya boksi, amelikumbatia. Nafasi hawakuwa wamempa mtu mwingine. Msimamizi alikuwa mzito wa kuandika barua, na kwa mara ya kwanza uzito wake ukamfaa mtu. Mwanamke alimsalimu vizuri, shikamoo yake ileile, lakini kwenye kreti hakukaa. Alichuchumaa karibu na boksi kama mtu aliyekuja kwa kazi.

Pumzi akamfundisha. Iweke kivulini. Ifungulie maji kabla hujafika mwisho, usingoje ikukumbushe. Ikichoka ipumzishe, nawe pumzika. Bunduki ikiwa inajazwa usisimame mbele ya mtutu, hata kama unajua haina risasi, hata kama ni mimi nimekuambia haina. Hapo mwanamke alimwinulia macho, akaona mzee anamaanisha, uso wake ukalegea kidogo.

Wakaiwasha. Ndani ya banda lile, kando ya lile dude la chuma, mlio wake ulikuwa kama wa cherehani ya chumba cha pili. Waliitazama geji mpaka ikajizima. Mwanamke akafungua koki, matone machache yakaruka sakafuni.

"Jasho," alisema.

"Jasho. Likitoka huko nje, bunduki yako salama."

Alifunga boksi. Pale mlangoni alisita. "Na wewe Jumamosi utakuwa unafanya nini?"

"Pumzi hufanya nini tena? Nitapumzika."

Mwanamke alitaka kusema kitu, pengine lile neno ambalo wote huliahidi. Hakulisema, na Pumzi alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi.

Zikapita Jumamosi kadhaa. Ya kwanza alisafisha mashine yake, akaifuta mafuta mpaka chini ya miguu. Iliyofuata hakufungua banda kabisa. Halafu asubuhi moja, katikati ya wiki, simu ikalia.

"Mzee wangu, hujambo? Niko ghalani. Leo ndiyo naijaza bunduki mara ya kwanza huku, na naogopa kukosea. Kaa hapo kwenye simu usikilize."

"Iko kivulini?"

"Iko."

"Washa."

Mlio ukaja kwa mbali, na nyuma yake njiwa, wengi, wakiguna juu ya paa ambalo Pumzi hakuwahi kuliona. Alikaa kitandani simu sikioni. Wakati mmoja Pumzi akasema, "Sasa maji," akasikia hewa ikifoka, na mlio ukaendelea. Alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Hakukuwa na kukwama, wala kikohozi.

"Imezima yenyewe," mwanamke alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Geji iko palepale."

"Basi umejua. Hunihitaji tena hapo."

"Kwenye hewa sikuhitaji," alisema mwanamke. Mtu akamwita huko aliko, mara mbili, kwa cheo chake kipya. "Ngoja niende, mzee. Wananingoja."

"Nenda, mwanangu."

Pumzi aliishika simu mpaka kioo kikazima. Kisha akaenda kufungua banda, ingawa haikuwa Jumamosi. Akatoa kreti mpaka kizingitini, akakalia yeye mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Lilikuwa gumu kuliko alivyodhani, na hakuelewa yule mwanamke alivumiliaje miaka yote hiyo. Akainuka kutafuta kipande cha godoro cha kulitandikia.

Mama mmoja wa mtaa wa nyuma alikuwa anapita na kikapu. Akasimama, akachungulia mle ndani. "Shikamoo baba. Unauza nini humu?"

"Marahaba. Siuzi kitu, mama. Napunga upepo."

"Haya," alisema mama, akaendelea na safari yake. Pumzi akatandika kile kipande cha godoro juu ya kreti, akakaa tena.