Tepu Iliyoanzia Mbili

Tepu ya mama ilianzia mbili. Inchi mbili za mwanzo zilikuwa zimechakaa na kuchanika, mama akazikata kwa mkasi, na tangu hapo kila aliyeishika tepu ile nyumbani kwetu alijua la kufanya: soma namba, toa mbili, ndipo uandike. Ukisoma arobaini, kiuno cha mteja ni thelathini na nane. Mama alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi na tepu mpya hakuziamini. Alisema zinavutika kama habari za mtaani.

Mwandishi wa kitabu cha vipimo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na macho ya mama yalikuwa yameanza kumsumbua kwenye namba ndogo. Nilimzungushia mteja tepu, nikasoma, nikatoa mbili kimoyomoyo, nikaandika. Wateja hawakujua kitu. Nilikipenda kile kitabu, kwa sababu hapo tu ndipo mama aliponihitaji mimi na si dada.

Dada alinizidi miaka miwili. Alirithi jina la bibi mzaa mama, kwa hiyo mama hakuweza kumwita kwa jina lake. Alimwita "mama." Mama njoo ule. Mama hujashiba wewe, ongeza. Mimi niliitwa Sindano. Mtaani dada aliitwa Bonge, ila kwa mapenzi, na wanawake waliokuja kushonewa walimfinya mashavu.

"Huyu mtoto ana afya," walisema. Kisha wakanigeukia mimi. "Na huyu mnamficha chakula?"

Mama alicheka nao. Mimi nilijifanya natafuta chaki. Wakati wa kula, kipande kikubwa cha samaki kilikwenda kwa dada, maana ndiye aliyeonyesha kwamba nyumbani kwetu watu wanakula. Mimi hata ningekula sufuria nzima nisingemletea mama sifa yoyote.

Muuguzi alikuja kisiwani kwetu kwa boti kila baada ya miezi miwili, na mizani yake na sanduku la dawa. Safari ile aliwapima wanafunzi shule nzima. Mchana akaja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akakataa soda aliyoletewa.

"Nimekuja kwa ajili ya afya ya binti yako mkubwa," alisema.

"Huyo?" Mama alitabasamu bila kuacha kushona. "Huyo afya anayo mpaka ya kugawa. Labda umtazame huyu mdogo."

"Ule ni unene, mama. Mimi nasema afya."

Mama akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwake kusikia kwamba hayo ni maneno mawili.

Muuguzi alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza hivyo katika nyumba nyingi. Sukari ya dada ilikuwa imeanza kupanda, na presha yake haikuwa ya mtoto wa miaka kumi na sita. Hakuwa peke yake. Visiwa vyote alivyozunguka alikuta hivyohivyo. Kinachoshushwa kwenye boti ni soda, biskuti na unga mweupe, mboga zikifika zimeshanyauka, na watoto wakitoka shule hawana pa kwenda ila kukaa. Bado palikuwa na muda wa kurekebisha, alisema, ila muda huo usichezewe. Soda ziishe. Atembee kila siku dakika arobaini na tano. Kiuno kipimwe kila Jumapili na kuandikwa. Na mtu mzima atembee naye, kwa sababu akitoka peke yake watu watamcheka na ataishia njiani.

Nasema kwa aibu kwamba niliposikia "ule ni unene" nilifurahi. Nilidhani sasa zamu yangu imefika.

Kesho yake alfajiri mama alivaa raba, akafunga mtandio, akamwamsha dada. Wakatoka wawili, barabara ya gatini hadi kwenye ghala na kurudi. Mama ambaye hakuwahi kuamka mapema kwa ajili ya mtu yeyote ila wateja wa harusi.

Waliporudi walikuwa wanatiririka jasho na wanacheka.

"Bosi leo umemwona?" mama alimwuliza dada mlangoni.

"Amelala kazini. Tena na ulimi nje."

Wakacheka tena, mama ameshika ubavu.

"Bosi ni nani?" niliuliza.

"Aah," mama alisema, akivua raba. "Mambo ya njiani hayo."

Baada ya siku kadhaa niligundua kwamba Bosi ni mbwa wa mlinzi wa ghala. Lakini hayo maneno, mambo ya njiani, yalinikaa kooni. Kila asubuhi yaliongezeka. Kulikuwa na mzee aliyefagia mchanga, kulikuwa na jiwe walilopumzikia, kulikuwa na habari za utoto wa mama ambazo dada alizijua na mimi sikuzijua. Mezani mama alimchagulia dada majani laini ya mboga na kumwekea pembeni ya sahani. Zamani dada alipewa kilicho bora kwa sababu ana afya. Sasa alipewa kwa sababu hana.

Siku moja nilijikaza nikamwomba mama na mimi niende.

"Uende ukapunguze nini, Sindano?" alisema. "Upepo wa gatini utakupeperusha. Baki unichemshie maji."

Dada alicheka. Hakuwa na ubaya, lakini alicheka.

Basi nikabaki, nikachemsha maji. Nilimsikia mama akimwambia jirani dirishani, "Akifika thelathini na tano nitamwacha awe anatembea na wenzake. Kazi zangu zinalala."

Thelathini na tano. Nililiweka lile neno akilini.

Jumapili ya kwanza nilisoma arobaini na moja, nikatoa mbili, nikaandika thelathini na tisa. Dada alipopimwa alinyanyua mikono na kufumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Hakutaka kuiona tepu. Mama alikaa mbali kidogo, miwani hana, anasubiri kuambiwa.

Jumapili ya pili tepu ilisema arobaini na moja vilevile. Nilitoa tatu.

"Thelathini na nane," nikasema.

Mama alipiga makofi. Dada alifumbua macho, akanikumbatia kwa nguvu mpaka kalamu ikaanguka. "Sindano, una mkono wa heri wewe," alisema shingoni kwangu. Nilijiambia inchi moja ni nini. Nilijiambia namtia moyo.

Jumapili zikafuatana. Dada kweli alikuwa anapungua, nililiona hilo kwenye tepu na kwenye shingo yake, lakini polepole, na mimi sikuwa na subira. Ya sita tepu ilisema thelathini na tisa. Nilitoa nne.

"Thelathini na tano."

Mama alisimama kabisa. Alimshika dada mikono miwili, akamzungusha katikati ya vitambaa, na kusema kwamba sasa amekuwa mtu mzima, kuanzia Jumatatu atatembea na binti wa mwoka mikate, na kwamba atamshonea sketi mpya ya shule ya kiuno kipya.

"Namba ngapi tena, Sindano?"

Hapo ningeweza kusema. Chaki alikuwa nayo mkononi, kitambaa hajakikata.

"Thelathini na tano," nilisema.

Jumatatu alfajiri dada akatoka na mwenzake, mama akabaki. Ilikuwa asubuhi niliyoingoja wiki sita. Nilimletea chai, nikakaa karibu na cherehani, nikamshikia kitambaa kisiburute. Mama alishona ile sketi. Kila baada ya mshono mmoja alitazama dirishani.

"Sasa watakuwa wamefika kwa Bosi," alisema.

Nikamsogezea kikombe cha chai.

"Sijui kama anakumbuka kupumua kwa pua," alisema tena.

Dada aliporudi kutoka shuleni mchana aliijaribu sketi. Ilipanda vizuri, ikafika kiunoni, ikakataa kufunga. Mama alimwambia avute pumzi. Akavuta. Kati ya kifungo na tundu lake kulibaki nafasi ya vidole vitatu.

"Siku moja," mama alisema. "Siku moja tu nimekuacha, mama."

"Sijala kitu."

"Kitabu kimeandika thelathini na tano jana. Kitabu hakidanganyi. Umekula nini huko njiani? Mwoka mikate amewapa nini?"

"Sijala kitu, mama. Wallahi sijala."

Mama alifungua mkoba wa shule wa dada, akatoa daftari moja moja, akatikisa kila moja. Hakuna hata chenga ya biskuti iliyoanguka. Hilo halikumsaidia dada. Alisimama pale na sketi wazi kiunoni, machozi yanashuka bila sauti, na mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuyahesabu.

Kuanzia jioni ile dada aliacha kula. Alisema ameshiba. Mama alidhani ni hasira, akamwacha. Sahani yake alinisukumia mimi. "Kula wewe, Sindano," aliniambia. "Wewe una bahati, hata ukila haionekani." Nilikula mara moja, na chakula hakikushuka. Usiku ule, kesho yake, na kesho kutwa, alikunywa maji tu. Niliona midomo yake inakauka. Nilijua dawa yake ilikuwa sentensi moja, na niliiogopa kuliko nilivyomhurumia. Huo ndio ukweli.

Alhamisi asubuhi binti wa mwoka mikate alimrudisha dada amemshika kiunoni. Alikuwa ameanguka karibu na jiwe la kupumzikia. Mama aliacha mkasi ndani ya kitambaa cha mteja, akamlaza dada kwenye godoro, akamfuta uso kwa maji, akamnywesha kidogokidogo. "Mama yangu," alikuwa anasema, "mama yangu, una nini?" Binti wa mwoka mikate alikimbia kumtafuta mtu wa duka la dawa.

"Mama," nilisema. "Ni tepu."

"Tepu imefanya nini?"

"Nilitoa nne."

Mama mwingine yeyote angeuliza nne za nini. Mama yangu hakuuliza. Alinitazama, kisha akaitazama tepu iliyoning'inia msumarini, na nikaona uso wake unahesabu kurudi nyuma, Jumapili kwa Jumapili.

Ni dada aliyezungumza, amelala, macho ameyafumba.

"Kwa nini?"

"Ili mama aache kutembea na wewe."

Nilisubiri kofi, lingenisaidia.

"Ungesema tu kwamba unataka kuja," dada alisema.

"Nilisema."

Dada alifumbua macho, akamtazama mama.

"Alisema," mama alikubali, polepole. Akaendelea kukamua kitambaa ambacho tayari kilikuwa kikavu.

Mtu wa duka la dawa alikuja, akampima dada sukari na presha, akasema huyu ana njaa, na kwamba muuguzi akija aambiwe yote bila kufichwa. Dada alikunywa uji. Alikunywa bakuli la kwanza akitetemeka na la pili bila haraka. Kisha akakaa, akanyoosha mkono.

"Niletee tepu."

Nilimletea. Alijizungushia mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakufumba macho.

"Thelathini na tisa," alisoma. "Toa mbili. Thelathini na saba. Na mwanzo nilikuwa ngapi? Ya kweli."

"Thelathini na tisa."

"Basi nimepunguza mbili." Alilishikilia lile jambo kidogo. "Mbili zangu mwenyewe. Si zako."

Halafu akanivuta kwa mkono, akanizungushia mimi tepu, kwa nguvu, iniume.

"Ishirini na sita. Toa mbili." Alinitazama kana kwamba nimemwibia. "Mimi ningekuwa na kiuno hiki, Sindano, nisingemwonea wivu mtu yeyote duniani."

"Na mimi ningekuwa naitwa mama," nilisema, "nisingegusa tepu."

Hakuniachia mkono haraka.

Mama alitoa adhabu yake jioni, bila kupandisha sauti. Alinyoosha kiganja. "Kitabu." Nilimpa. Akampa dada. Kuanzia siku ile mwandishi wa vipimo akawa yeye, na mama akasema sketi nitaifumua mimi kiunoni kwa wembe, uzi kwa uzi, bila kuchana kitambaa. Halafu, akiwa amenipa mgongo, akasema Jumapili nitafute viatu vya kutembelea. "Lakini Jumamosi," alisema, "nakwenda na dada yako peke yetu. Nina la kumwambia kuhusu mkoba."

Jumamosi walitoka. Nilikaa dirishani na ile sketi magotini, nikawaona wanakwenda barabara ya gatini, mama safari hii anatembea kwa mwendo wa dada. Mahali fulani mama alisimama, akamshika bega. Sikusikia walichosema. Wivu ulikuwepo palepale, haukupungua hata nusu inchi, na nilifumua nao.

Waliporudi nilikuwa nimefika kwenye mshono wa mwisho. Dada aliivaa sketi juu ya nguo yake ya mazoezi, nikambania kiuno kwa pini, ikafunga. Nikamvua, nikaiweka chini ya sindano ya cherehani.

"Usiipige mashine," dada alisema. Alikuwa bado anahema. "Piga bandi tu kwa mkono. Itabidi uipunguze tena."

Nilitoa sindano, nikatunga uzi, nikapiga bandi mishono mirefu, ile ya kuvuta mara moja ikatoka yote.